Maji ya Siku Saba

Niliyaondoa yale magunia mabichi moja moja, nikayaanika kwenye ua, na jua la saa sita likaanza kazi yake. Pale yalipokuwa yamefunika, zege lilikuwa bado na unyevu, baridi kwenye kiganja. Ndoo niliijaza maji kama nilivyoagizwa, kisha nikaenda kuyamwaga mtaroni. Nilikuwa na miaka kumi, na tangu siku ile sijafanya jambo kwa makusudi kama lile.

Baba alikuwa mwashi. Nusu ya nyumba za mtaa zilipita mikononi mwake, lakini kwetu, kutoka mlango wa jikoni hadi bombani, palikuwa tope tupu kila mvua iliponyesha. Mama alisema mganga hajigangi, akalisema hilo miaka tisa. Kisha Baba akaanza kukohoa, akakonda hadi mkanda wake ukatobolewa tundu jingine, na Jumamosi moja akatuita uani, mimi na mdogo wangu, akasema leo tunajenga njia.

Kila mtu alipewa cheo. Mdogo wangu, wa miaka sita, akawa mkuu wa kokoto. Mimi nikawa msimamizi wa maji. Baba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akituelekeza: mchanga kwanza, saruji juu yake, geuzeni mara tatu vikiwa vikavu kabla ya tone la maji. Tulimimina zege kwenye fremu za mbao, vipande saba, naye akapiga magoti kukisawazisha kila kimoja kwa mwiko. Akimaliza kimoja, alipumzika muda mrefu kuliko aliofanya kazi. Mdogo wangu akamwambia anafanya kazi kama babu. Baba akacheka hadi kikohozi kikamkatiza, akasema mkuu wa kokoto anatafuta kufukuzwa.

Jioni alitandaza magunia juu ya vile vipande, akaniita kando. Alinieleza kwamba zege halikauki tu kama nguo, linakomaa, na chakula chake ni maji. Asubuhi na jioni, siku saba. Jua likilipiga zege likiwa bado changa, linapasuka.

Kesho yake wakampeleka hospitali.

Sisi watoto hatukuambiwa kitu. Mama alirudi macho mekundu, akisema anaendelea vizuri. Siku mbili nilimwagilia. Siku ya tatu nikamsikia Mama akimwambia shangazi mlangoni kwamba huenda Baba asirudi tena nyumbani. Nilishindwa kula, nikasema tumbo linauma.

Sasa, Baba alikuwa na desturi moja iliyojulikana mtaa mzima: kazi yake ikiharibika, aliirudia mwenyewe. Aliwahi kutoka kitandani na homa kali, amejifunga shuka, akaenda kuvunja na kujenga upya ngazi ya mjane mmoja kwa sababu alisikia imetitia. Mama alimsihi hadi akalia, hakusikia. Kwa akili yangu ya kitoto nikaona jambo liko wazi. Njia ikikomaa vizuri, Baba hana la kurudia. Ikipasuka, hakuna daktari wa kumzuia.

Ndiyo maana niliyaondoa magunia.

Na kweli alirudi. Siku ya tisa walimleta, Mama ameshika mkono huu, shangazi ule, kwa kuwa hospitali walisema hawana la kufanya zaidi. Hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba mbinu yangu imefaulu, na furaha ilinijaa hadi miguu ikawa haitulii. Karibu na ukuta nilikuwa nimeshamlundikia mchanga. Akaomba apitishwe uani.

Vipande vitano vilikuwa na nyufa, kingo zinameguka. Aliinama kwa shida, akapitisha kidole kwenye ufa mmoja, taratibu, kama anayegusa kidonda cha mtoto.

"Ulimwagilia, mwanangu?"

Ilikuwa rahisi kusema kweli. Lakini uso wake ulikuwa umebaki mifupa, na nilimwogopa kwa mara ya kwanza maishani.

"Ndiyo, Baba. Asubuhi na jioni."

Aliniamini. Haikumpitia akilini hata kidogo kwamba msimamizi wake angemdanganya. Akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza huku na huku, kisha akamwambia Mama kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Basi ni mimi. Hata vipimo nimesahau."

Mama akamwambia saruji za siku hizi ndivyo zilivyo. Baba alitikisa kichwa. Akaagiza atafutwe fundi mwingine aje avunje, amwage upya, na mtoto asilaumiwe. Mchanga hakuuangalia. Akaomba kulala.

Aliishi siku kumi na moja. Kila siku nilisimama mlangoni mwa chumba chake na ule ukweli mdomoni, na kila siku nikamwona amechoka, nikasema kesho. Wageni waliokuja kumjulia hali walimsifia kazi zake, wakimtajia nyumba moja baada ya nyingine, kuta zilizosimama miaka ishirini bila ufa. Naye aliwajibu wote vilevile, bila uchungu:

"Hizo za zamani. Mkitoka, tazameni ile ya uani."