Kikohozi Nje ya Mlango

Je, ni vumbi lililokuwa likikila kifua cha tata Kanyinda, au ni kitu kingine kilichojificha nyuma ya vumbi? Muuguzi Ndaya alikuwa ameusikiliza mgongo wake kutoka mabegani hadi kiunoni, na swali lilibaki palepale.

Katika mtaa ule wa upande wa Kingamyambo, kukohoa ni kama kusalimiana. Wanaume husaga mawe ya shaba kwenye madepo ya wanunuzi wa madini. Jioni huoga, huacha nguo za kazi hukohuko, hunywa maziwa ya kuosha kifua, na kesho yake hurudi. Tata Kanyinda alikuwa mmoja wao. Alipofika kituo cha afya mara ya kwanza, Ndaya alimpa dawa ya homa ya mapafu. Aliimeza yote, kikohozi kisitikisike. Makohozi yake yalitazamwa kwa darubini, na mdudu wa kifua kikuu hakuonekana. Lakini Ndaya alikumbuka somo la chuoni: darubini isipoona, haijasema kwamba hakuna.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa na haraka. Mkubwa wa depo alimtaka arudi kesho na neno lililoandikwa na kituo cha afya kwamba kifua chake hakiambukizi. Asipolileta, nafasi yake ingepewa mwingine.

“Mama infirmière, ni vumbi tu,” alisema akivaa shati. “Kifua yangu iko na shaba mingi. Mukiipasula, muiuzishe ku depo, munipe na mi kidogo.”

Bilonda, mkewe, alicheka nyuma ya kitenge chake. Ndaya naye alitabasamu, kisha akauliza habari za jasho la usiku. Akajibiwa kwamba ni joto la mabati. Na suruali iliyompwaya hadi ikafungwa kwa kamba? Ni kazi ngumu. Kila dalili ilipatiwa baba, na baba huyo kamwe hakuwa ugonjwa. Ndaya alijua kwamba sehemu ya moyo wake ilitaka kuamini hivyo. Ni nani apendaye kumnyang’anya mtu riziki kwa sababu ya shaka? Akaishika kalamu aliandike neno hilo.

Hapo ndipo kikohozi kiliposikika nje: kirefu, kikavu, cha mtu aliyezoea kukimeza. Mabenchi ya wagonjwa yalikuwa yamekwisha kuwa matupu. Ndaya aliuliza ni nani aliyebaki, na Bilonda akainamisha macho. Alikuwa mama mzazi wa Bilonda, mama Kanku, aliyetoka Sandoa kabla ya mvua kuanza ili amsaidie kulea watoto. Aliwasindikiza, lakini hakuweza kuingia: mama hakai chumba kimoja, uso kwa uso, na mume wa binti yake.

Kalamu ilirudi mezani. Ndaya alikuwa ameuliza ni akina nani wanaokaa nyumbani, na tata Kanyinda akawataja mke na watoto. Hakudanganya. Mama mkwe hatajwi ovyo. Heshima ililiruka jina lake. Na Ndaya, aliyelelewa katika heshima hiyohiyo, hakufikiri kuuliza tena.

Alitoka. Mama Kanku alikuwa ameketi kando ya ukuta, mgongo ukielekea mlangoni. Hakuwahi kukanyaga depo. Huko Sandoa alilima mihogo na hakuwa akikohoa. Kikohozi kilimpata hapa. Ndaya alimwuliza analala wapi.

“Chumba ni kimoja, mwanangu,” alijibu taratibu. “Tunatiaka pazia katikati. Ye ananiheshimu, na mi namuheshimu.”

Pazia linaweza kuyazuia macho, Ndaya aliwaza. Pumzi haina mkwe. Bado hakuwa na jibu. Huenda kifua cha tata kilikuwa na vumbi, huenda kilikuwa na vyote viwili, na huenda hata kikohozi cha mama kilikuwa na chanzo chake. Hata hivyo kutojua hakukuwa ruhusa ya kunyamaza, wala ya kuandika neno jepesi ili mtu aende kazini akiwa na furaha, huku watoto wakilala katikati ya vikohozi viwili.

Alisimama kizingitini, mahali ambapo tata na mama mkwe wangeweza kumsikia bila kuonana.

“Na kazi yangu?” aliuliza tata Kanyinda, kana kwamba amekwisha kuisoma sura yake. Mzaha ulikuwa umemwisha.

“Mukubwa wa depo, mi mwenyewe nitaenda kumuona,” Ndaya alisema. “Lakini, tata, sitaandika kama kifua yako haiambukizi, juu sijui. Leo wewe na mama Kanku munaenda ku hospitali kubwa, bapime makohozi na mashine, bapige na picha ya kifua. Kesho, mama Bilonda, uniletee batoto bote nibapime. Na mbele ya majibu kutoka, tata, haurudi ku depo.”