Kwa Jina la Shemeji

Hospitalini walimwita Injinia, ingawa cheti chake kilikuwa cha ufundi wa kompyuta, na yeye mwenyewe alikwishachoka kuwasahihisha. Ndiye aliyesimamia seva, ile kompyuta kubwa iliyofungiwa kwenye chumba cha baridi nyuma ya masjala, iliyobeba majibu yote ya maabara, picha za eksirei na mafaili ya wagonjwa. Chini yake alikuwa na fundi mmoja tu, na fundi huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana mrefu asiyekimbia hata mvua ikimwagika. Watu walimbandika jina la Haraka, kwa kuwa ndicho kitu alichokosa.

Injinia ndiye aliyemwombea ile kazi, na Haraka hakumwangusha. Hakukaa sana akasimika programu ya kuzichunga mashine zote. Kila baada ya muda mfupi programu hiyo ilizipitia kompyuta za hospitali, moja baada ya nyingine, ikizijulia hali: diski imejaa? Joto limezidi? Mtandao upo? Ikiona hatari, inatuma ujumbe kwenye simu zao wawili. Wenyewe waliiita Askari. Kwa kuwa hospitali haikuwa na seva ya pili, Askari naye alikaa humohumo kwenye seva kubwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyemwona kuwa mzigo.

Manung'uniko yalianzia maabara. Mkuu wa maabara, mama mmoja mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, alipiga simu asubuhi.

"Injinia, hizi mashine zenu zimelala au zimekufa? Nabonyeza jina la mgonjwa, naenda kunywa maji, narudi, bado linazunguka tu."

"Tunaangalia, mama."

"Angalieni kwa macho basi, maana kwa mdomo mmeshaangalia tangu juzi."

Injinia akafungua skrini ya seva. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, ilikuwa imeshikwa karibu yote, na aliyeishika ni Askari. Akamzima, akamwasha upya. Mashine ikapumua kidogo, kisha Askari akaanza kupanda taratibu kama maziwa jikoni mpaka akafika juu kabisa. Pembeni ya jina la programu, mahali panapoonyesha ni nani anayeiendesha, paliandikwa jina la Haraka.

Hilo halikuwa ajabu. Haraka ndiye aliyemsimika Askari, na alimsimika kwa akaunti yake. Siku nyingine yoyote Injinia asingelitazama mara mbili. Lakini wiki hiyo alikuwa amesoma habari za mafundi wanaoficha kwenye seva za waajiri wao programu za kuchimba sarafu za mtandaoni, zinazopiga hesabu usiku na mchana kwa faida ya fundi, huku umeme ukiwa wa tajiri. Wajanja, habari ile ilisema, huipa programu yao jina la programu ya heshima ili isishtukiwe.

Akakumbuka mengine. Siku hizi Haraka hatoki kwenda kula na wenzake. Anajifungia kwenye chumba cha baridi na kompyuta yake ya mkononi, na mlango ukifunguliwa anaifunika.

"Unafanya nini humu?" Injinia alimuuliza siku moja.

"Najificha jua tu, kaka," Haraka alijibu, akacheka kicheko cha mtu anayetaka uondoke.

Hakuwahi kumwita shemeji. Tangu siku Injinia alipokuja kuposa alimwita kaka, na Injinia, aliyezaliwa peke yake kwao, alilipenda neno hilo kuliko alivyoonyesha.

Angeweza kumvuta pembeni wakaketi mbele ya skrini, wakaitazama pamoja. Alijiambia kwamba kumuuliza mwizi ni kumpa nafasi ya kufuta nyayo. Tena alijiambia kwamba kwa kuwa huyu ni ndugu, lazima awe mkali zaidi, watu wasije wakasema anamlinda. Ijumaa akamwandikia mkurugenzi.

Jumatatu wakaitwa wote wawili. Mkurugenzi alikuwa daktari wa watoto, mwanamke mpole ambaye mambo ya kompyuta aliyachukua kama mtu anavyochukua dawa chungu, kwa kufumba macho. Akamgeuzia Haraka karatasi yenye picha ya skrini.

"Hili ni jina lako?"

"Ndiyo, daktari."

"Na programu hii ndiyo inayoielemea seva?"

"Inaonekana hivyo."

"Inafanya nini humo, mpaka ikaielemea kiasi hicho?"

Haraka akaitazama karatasi. Kisha akamtazama Injinia, kama mwanafunzi anayengoja mwalimu amsaidie herufi ya kwanza. Injinia akatazama dirisha.

"Sijui," Haraka akasema.

"Hujui? Si wewe uliyeiweka?"

"Niliiweka mimi, ila hii sijui imeanzaje. Nipeni muda niitafute. Kweli sijui, daktari."

"Na huko chumba cha baridi huwa unajifungia kufanya nini?"

Hapo Haraka akainamisha kichwa, asijibu. Mkurugenzi akamsimamisha kazi mpaka uchunguzi ukamilike, na Injinia akaagizwa aifunge akaunti yake siku hiyohiyo. Akaifunga. Akaunti ilipofungwa, Askari naye akafa, kwa kuwa alikuwa anaishi humo, na seva ikawa nyepesi kama iliyotuliwa gunia. Mkuu wa maabara akapiga simu kushukuru. Masjala wakaambiana kwamba kumbe kijana mpole vile alikuwa mchwa. Hata uchunguzi wenyewe haukufanyika tena. Barua ya kuachishwa kazi ikamfikia Haraka nyumbani kwa mama yake.

Mke wa Injinia hakugombana. Alikunja nguo za watoto mpaka zikaisha, kisha akauliza jambo moja.

"Ulimuuliza yeye kwanza, kabla ya kumwandikia huyo daktari wako?"

"Kazini mambo hayaendi hivyo, mama watoto."

"Yanaendaje?"

Injinia akasema ana usingizi.

Hospitali haiwezi kukaa bila mlinzi wa mashine, kwa hiyo Injinia akamsimika Askari upya, toleo safi kutoka kwa watengenezaji wenyewe, kwa akaunti yake mwenyewe. Kwa muda akafanya kazi bila kelele. Kisha siku moja umeme ukakatika mtaa mzima, ukarudi, na kabla ya saa ya chakula simu ya maabara ikalia.

"Injinia, kale kaugonjwa ketu kamerudi."

Alifungua skrini akiwa amesimama, akakaa. Askari alikuwa juu kabisa, ameimaliza prosesa kama mwanzo. Hapakuwa na mchimbaji wala programu iliyojificha. Kila kitu humo alikuwa amekiweka kwa mkono wake. Na pembeni, safari hii, paliandikwa jina lake yeye.

Akafunga mlango wa ofisi, akafanya kile ambacho angepaswa kukifanya mwanzo. Akaanza kumwondolea Askari mashine moja moja katika mzunguko wake, akiondoa na kutazama. Akatoa za masjala, prosesa haikushuka. Akatoa za maabara, za eksirei, za wodi ya wazazi, bado. Alipotoa kompyuta ya stoo ya dawa, ikashuka kama pazia lililokatika kamba. Akairudisha, ikapanda. Akaitoa tena, ikashuka.

Akateremka stoo. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, imewekwa juu ya katoni za glovu, na kwenye kona ya skrini saa yake ilionyesha mwaka ambao hata jengo lile lilikuwa halijajengwa.

"Hii saa imekuwa hivi tangu lini?" akamuuliza mtunza stoo.

"Hiyo? Kila umeme ukikatika inarudi enzi za mababu. Mimi huwa naiacha tu mpaka apite mtu wa kuirekebisha, dawa nazihesabu kwa macho yangu."

Injinia akaifungua. Ndani kulikuwa na betri ndogo, bapa kama kifungo cha koti, kazi yake kuishikilia saa mashine inapokosa umeme. Ilikuwa imekufa. Sasa akaelewa yote. Kompyuta ile iliposema leo ni miaka mingi iliyopita, Askari aliona pengo la miaka yote hiyo ambayo hana habari zake, akaanza kulijaza kwa hesabu, kipindi baada ya kipindi. Akimaliza, anauliza tena hali, anajibiwa mwaka uleule wa zamani, anaanza upya. Hakukuwa na ujanja wa mtu yeyote. Alibadilisha betri, akarekebisha saa, akabaki amechuchumaa pale kati ya katoni mpaka mtunza stoo akamuuliza kama amepatwa na kizunguzungu.

Alikwenda kwa mkurugenzi moja kwa moja, akamweleza bila kujipaka mafuta. Mkurugenzi akavua miwani.

"Kwa hiyo tulimfukuza mtu kwa sababu ya betri?"

"Kwa sababu yangu, daktari. Wewe ulinisikiliza mimi."

Siku hiyohiyo ikatoka barua ya kumsafisha Haraka na kumwita arudi. Injinia aliomba aipeleke mwenyewe.

Mama mkwe alimpokea kama kawaida, akamtolea kiti kizuri, na ukarimu huo ulimchoma kuliko matusi. Haraka alikuwa uani, anafua. Akajifuta mikono, akaisoma barua akiwa amesimama, akaikunja vizuri.

"Asante kwa kuileta, shemeji."

Injinia akalisikia neno lile lilivyokaa.

"Nimekukosea," akasema. "Sina cha kujitetea. Nilikuona mwizi, na nilikuwa na nafasi ya kukuuliza, sikukuuliza. Naomba unisamehe. Rudi kazini."

"Nimeshakusamehe. Kazini sirudi."

"Kwa nini? Watu wote watajua ukweli, nitausema mbele yao."

Haraka akakaa kwenye ngazi ya mlango. Alikuwa mtu wa kusema polepole, na sasa alisema polepole zaidi.

"Nilikuwa nasomea mtihani kule chumba cha baridi. Ule wa cheti kikubwa. Niliufeli mara ya kwanza, nikaona aibu kusema narudia. Ndiyo maana nilinyamaza mbele ya daktari. Niliona bora anione mwizi kwa siku mbili tatu, kaka atautafuta ukweli, kuliko wote wajue nimefeli. Ujinga, lakini ndivyo nilivyowaza." Akaigeuzageuza barua mkononi. "Mtihani wenyewe ulikuja wiki ile niliyopata barua ya kufukuzwa. Sikwenda. Kichwa hakikuwepo."

"Utafanya tena. Nitakusaidia."

"Labda. Lakini hicho sicho kilichoniuma. Daktari alinionyesha barua yako. Ilikuwa ya Ijumaa. Mimi Jumapili nilikuwa kwako. Tulikula sahani moja, ukanikatia nyama kubwa ukasema kula, mdogo wangu, umekonda. Ulikuwa umeshaniandikia." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Hapo ndipo ninapokwama kila siku. Nikumbuke ile nyama, au niikumbuke ile barua?"

Mama mkwe aliyekuwa anasikiliza kutoka ndani akatokea na maji ya kunywa, akasema jua ni kali leo, na wote wawili wakakubali kwamba jua ni kali.

Ukweli aliusema, kama alivyoahidi. Aliusema kwenye kikao cha wafanyakazi, jina la Haraka na jina lake. Waliomwita yule kijana mchwa walitikisa vichwa kwa huruma, wakasema wao walijua tangu mwanzo. Aliwapigia wenye ofisi mbili zilizokuwa zimemkataa Haraka kwa sababu ya maneno yaliyotoka hospitalini, akawaeleza. Wakamjibu kwa adabu kwamba nafasi zimeshajazwa. Baadaye Haraka akapata kazi ya kutunza kompyuta za shule moja, kazi ndogo kuliko uwezo wake, na watu wa kule walimpenda.

Kwa muda, kila walipokutana Injinia alitafuta upenyo wa kuomba msamaha tena. Mwishowe mkewe akamkataza.

"Mwache. Kila ukimwomba radhi, yeye ndiye anayepata kazi ya kukubembeleza. Unataka akufariji kwa kosa ulilomtendea wewe?"

Tangu hapo akaacha. Haraka aliendelea kuja kuwaona wapwa zake, akiwaletea vitabu vya picha, akilala nao chini kwenye mkeka na kuunguruma kama simba. Na Injinia alimuuliza habari za shule, akajibiwa habari za shule. Zamani mazungumzo yao yalikuwa yanavunjwa na mke kwa nguvu, akiwazimia taa. Siku hizi yalikwisha yenyewe.

Jioni moja, Haraka alipoaga, Injinia alivaa viatu akamsindikiza. Walipita kwa fundi cherehani, wakapita mahali bomba lilipopasuka, kila mmoja akiruka dimbwi upande wake. Injinia alikuwa na mengi ya kusema, akayageuza kichwani moja moja, na kila moja lilikuwa lilelile. Walipofika kwenye kona, Haraka akatazama juu.

"Mawingu hayo," akasema. "Ishia hapa, usije ukalowa bure."

"Nikufikishe hata barabarani."

"Hapana, hapa panatosha. Wasalimie."

Wakapeana mikono. Injinia akasimama kwenye kona akimtazama anavyokwenda, kwa mwendo wake uleule usio na pupa, mpaka matone ya kwanza yakaanza kupiga mabati ya vibanda, na hata hapo yule mbele hakukimbia.