Kona ya Njia ya Chini

Siku Fundi Mkubwa alipofariki, mgodi mzima ulisimama. Alikufa kitandani kwake, kwa moyo, si kwa mwamba, na mdogo wake wa kike ndiye aliyempigia msimamizi simu. Wachimbaji walimwita dada huyo Fundi Mdogo, kwa kuwa alifundishwa kazi na kaka yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Redio ya kawaida haifiki chini ya ardhi. Mwamba huyameza mawimbi yake. Basi ndugu hao wawili walifunga ukutani visanduku vidogo vya kupima hewa, kila kimoja kikimnong'oneza jirani yake, habari ikapokezanwa kona kwa kona hadi juu. Hewa mbaya ikianza kujikusanya, kengele ilie kabla mtu hajaanguka.

Baada ya maziko msimamizi alimvuta kando. "Pole sana, dada. Lakini kesho wakubwa wa kampuni wanakuja kukagua. Visanduku vya njia ya chini vikikaa kimya mbele yao, vyote vinang'olewa."

"Havitakaa kimya."

Kesho yake vikakaa kimya. Kwenye kompyuta ya ofisini, juu, alama zote zilikuwa za kijani, isipokuwa za njia ya chini. Mkubwa mmoja akakohoa, mwingine akatazama saa. Fundi Mdogo alivaa kofia ngumu akashuka.

Kwenye kona kali ya njia hiyo hakukiona kisanduku. Kilikuwa kimefunikwa na koti la kazini la kaka yake, limelowa chepechepe kwa matone ya mwamba. Wachimbaji walikuwa wamesimama kando, wamevua kofia.

"Nani kalitundika?"

"Sisi sote, dada," alijibu Kifaru, mchimbaji mnene kuliko wenzake. "Hapa ndipo alipokuwa akikaa. Tulitaka kumuaga."

"Nguo mbichi inaziba mawimbi, Kifaru. Mara ngapi alikufukuza hapa na fulana yako?"

"Kila siku! Alisema jasho langu linatosha kuzima redio za nchi nzima."

Wakaangua kicheko, cha kwanza tangu msiba. Kisha kikakatika. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kulishusha koti lile kulikuwa kama kumzika mara ya pili.

Fundi Mdogo alilishika kwa mikono miwili, zito kama mtu aliyelala, akalishusha mwenyewe. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Kisanduku kikapepesa taa yake. Wote wakakodoa macho. Mara kengele ya njia ya chini ikalia: si hewa mbaya, bali msimamizi aliyeibonyeza kutoka juu kujibu. Habari imefika.

"Umeona!" Kifaru alipiga makofi. "Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mdogo wa fundi ni fundi! Hiyo ndiyo kazi ya kaka yako."

"Yetu sote wawili," alisema Fundi Mdogo, akilikunja koti.

Wakubwa waliondoka wameagiza visanduku vya mgodi wao wa pili. Fundi Mdogo anaanza kuvifunga Jumatatu.