Herufi Zilizogeuka

Verlin Stroup alijua mkono wa mtu mwingine umepita ndani ya kisanduku chake cha risasi mara tu aliponyanyua kifuniko. Risasi zilisimama kila moja kwenye tundu lake, sawa, lakini herufi za kiwanda zilizochapwa kitakoni mwa maganda zilitazama huku na kule. Verlin hapangi hivyo! Tangu aanze kujaza risasi zake mwenyewe, yaani kutia baruti na kichwa kipya kwenye ganda lililokwisha kupigwa, herufi zake husimama wima zote, zikimtazama yeye. Wenzake wa klabu ya shabaha humcheka kwa hilo. Wacheke tu.

"Nadine! Nani kashuka huku chini?"

"Nani ashuke huko kwenye mabaruti yako?" mkewe akajibu kutoka jikoni. "Njoo unywe kahawa, inapoa."

Swali limejibiwa kwa swali. Verlin akaliweka moyoni.

Kilichomkera zaidi ni kwamba zile risasi zilikuwa nzuri. Miaka nenda miaka rudi aliitafutia ile bastola ya silinda ya marehemu baba yake risasi itakayoipenda, maana bastola nayo ina kinywa chake, haili kila chakula. Alibadilisha vichwa, akabadilisha baruti, na bado matundu yakatawanyika kwenye karatasi ya shabaha. Kisha mwaka huu, theluji ilipoyeyuka tu, matundu yakaanza kukaa pamoja hivi kwamba ukiyafunika kwa kifuniko cha chupa, huoni hata moja. Alijisifu mpaka watu wakamkimbia. Sasa je, kama si zake?

Na katika klabu yao mtu hapigi risasi aliyojaza mwenzake. Utamwazima jirani lori, utamwazima hata mbwa wa kuwindia, lakini risasi yake huiweki bastolani mwako, kwa sababu hujui alikuwa akiwaza nini alipopima baruti. Verlin ndiye aliyekuwa mhubiri mkuu wa jambo hilo.

Basi nani? Hakuhitaji kupiga ramli. Dallas Koontz, rafiki yake tangu shule na msimamizi wa mstari wa kupigia shabaha uwanjani, siku hizi alikuwa akija pale nyumbani Verlin akiwa hayupo. Juzi harufu ya tumbaku yake ilikuwa imejaa ngazi za kushukia chini. Nadine akasema eti Dallas alirudisha bakuli la pai. Bakuli gani? Verlin hakuona bakuli. Roho ikamuuma pande mbili, hajui anaharibiwa risasi au anaibiwa mke.

Jumanne akavaa kofia. "Naenda kwa kinyozi," akatangaza, kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Akaegesha lori nyuma ya kanisa, akarudi kwa miguu kupitia shamba la mahindi, kama mwizi wa nyumba yake mwenyewe. Lori la Dallas lilikuwa uani, mchana kweupe, bila haya. Verlin akausukuma mlango wa chumba cha chini.

Nadine alikuwa amekalia kiti cha Verlin, miwani puani, mkononi nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa vya risasi. Dallas alisimama pembeni na kikombe chake. Kisanduku alichokijaza Verlin jana kilikuwa wazi mezani.

"Ahaa! Endeleeni, msiache kwa ajili yangu!"

"Kinyozi kafunga, mzee?" Dallas akauliza.

"Nyamaza, nyoka wewe! Unaniharibia risasi ndani ya nyumba yangu, na mke wangu anakusaidia!"

Dallas akaacha kutabasamu. "Shemeji, mwambie."

Nadine hakuinuka. "Mwezi wa nne, mlio wako mmoja uwanjani ulikuwa mzito. Dallas aliusikia. Badala ya kukutoa kwenye mstari mbele za watu, akaja kwangu."

"Mzito kitu gani! Uzushi mtupu."

"Hizi umezijaza jana kwa mkono wako." Akamsukumia nyundo. "Zifungue mwenyewe."

"Lete hapa!"

Akaitia risasi ndani ya nyundo, akaigonga mezani, kichwa kikang'oka, akamwaga baruti kwenye kisahani cheupe. Kijilima kidogo tu, maana risasi ya shabaha inataka baruti haba. Ganda hubaki na nafasi tele ndani. Ya pili, kijilima kilekile. Ya tatu, kilekile.

"Mnaona? Waongo wakubwa nyie!"

Akagonga nyingine, akamwaga. Kijilima hiki kilikuwa mara mbili ya wenzake.

Verlin akakitazama, kisha akautazama mkono wake wa kulia, uleule wa kushikia bastola. Alikuwa amevuta wenzo wa kumwagia baruti mara mbili juu ya ganda moja. Aliitafuta kumbukumbu ya jana kichwani, asiikute. 

"Kila kisanduku?"

"Si kila," Nadine akasema. "Ila mimi nafungua kila kisanduku, napima, najaza upya na kurudisha herufi zilivyokaa; juzi tu nilizisahau. Nikipitiwa moja tu, Verlin, bastola inapasuka, naokota vidole vyako kwenye nyasi. Ningekwambia ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Haya basi."

"Na anapima kukushinda," Dallas akachomekea. "Ule ubingwa wa kifuniko cha chupa, mshukuru mkeo."

Verlin akavua kofia. Akavuta ndoo, akaipindua na kuketi kando ya mkewe.

"Jaza wewe," akasema. "Lakini herufi unazipanga ovyo, mama. Hizo niachie mimi."