Baba Aliyeupa Uwanja Kisogo

Gari lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba Wendell Stuckey aliweza kulishusha kutoka kwenye pikapu akisaidiwa na mkewe tu. Injini yake haikuzidi ya mashine ya kukatia nyasi. Lakini usiidharau. Mtoto wa miaka saba akiikanyagia mafuta, sauti inachoma masikio, na uwanja ni kiduara kifupi mno: hujamaliza kunyoosha usukani, kona nyingine iko usoni. Katika sehemu ile ya Indiana kuna watoto wanaopelekwa kwenye piano na wengine kwenye mpira. Hawa hufungwa mikanda, huvalishwa helmeti, kisha husukumwa.

Ndiyo, husukumwa. Magari yale hayana gia wala stata. Mzazi hushika nondo ya nyuma na kukimbia akihema mpaka injini ishike. Gari likisimama injini nayo inazima, na mzazi hana budi kurudi kusukuma tena. Kila dereva mdogo pale alikuwa na mtu mzima wake mwenye magoti yanayouma. Klabu haikuwa na mwajiriwa hata mmoja. Wazazi ndio waliopeperusha bendera, ndio waliofagia uwanja, na ndio waliokaanga nyama kibandani.

Jumamosi hiyo ya Aprili ilikuwa ya mwisho ya mafunzo. Tressa, binti wa Wendell, alikuwa ameshahudhuria tatu. Jioni, baada ya jaribio la mwisho, mwalimu wao Bi Verna Brubaker angeweka sahihi kwenye karatasi za wanagenzi waliofuzu, na hao wangeanza kushindana wiki inayofuata. Asiyepata sahihi angengoja mpaka Aprili nyingine. Kwa mtoto wa miaka saba, Aprili nyingine ni sawa na uzeeni.

Bi Verna alikuwa na miaka sabini na moja, mwembamba, sauti imekwaruzika kwa kupigia kelele injini. Miaka thelathini alikuwa amewafunza watoto wa watu bila malipo, mvua na jua, na hakuna aliyewahi kumsikia akimkaripia mtoto. Wazazi ndio aliowakaripia. Wengi walimwogopa, na waliomwogopa ndio hao hao waliomletea watoto wao.

Asubuhi Tressa alizunguka mara kumi. Wendell alisimama ndani ya duara, kwenye kona ya tatu, mahali pake pa siku zote, akipunga mikono: achia mafuta, kata, haya, kanyaga! Na kila mara gari lilipofika pale, ile helmeti nyekundu iligeuka kumtazama yeye. Mzunguko wa nane gurudumu lilikaribia kulamba ukuta. Ule wa kumi lililamba kweli.

Bi Verna akawasimamisha.

"Wendell, hebu njoo hapa."

"Naam, Bi Verna."

"Nani anaendesha hilo gari?"

"Tressa."

"Mwongo wewe. Unaendesha wewe, tena vibaya, maana uko nje ya gari."

Wazazi wawili waliokuwa karibu wakajifanya wanakagua matairi.

"Mimi namsaidia tu," Wendell akasema. "Nikimwachia ataenda ukutani."

"Si ameenda, na wewe upo? Mtoto anakutazama wewe, hatazami njia. Sasa sikiliza. Mkeo kazidiwa kule kibandani. Nenda, vaa aproni, uza. Na huku uwanjani uupe kisogo mpaka jaribio liishe. Ukigeuka hata mara moja nitakuona, na karatasi ya Tressa naichana."

"Huo si uonevu, Bi Verna?"

"Uonevu ni huo unaomfanyia mtoto."

Wendell alikuwa fundi wa mashine za kuvunia mahindi, mtu ambaye wakulima wakubwa walimbembeleza wakati wa mavuno. Hakuzoea kufukuzwa kama kuku jikoni. Hata hivyo aliinama kwenye gari la binti yake.

"Baba atakuwa kibandani, sawa?"

Macho ya Tressa yalimtoka ndani ya helmeti. "Sasa nani ataniambia niachie mafuta wapi?"

Wendell alifungua mdomo. Bi Verna akamwahi.

"Miguu iliyo kwenye pedali ni ya nani, mwanangu?"

"Yangu."

"Basi iulize hiyo."

Kibanda kilikuwa na madirisha mawili: moja lilitazama uwanja, jingine lilitazama wateja. Darla, mkewe, alikuwa amesimama katikati ya mvuke wa mafuta, akikaanga vipande vya nguruwe vilivyopondwa hadi vikawa vipana kuliko mkate wake. Alimrushia aproni bila kuuliza kitu. Bila shaka habari zilishamfikia. Uwanja ule siri haikai.

"Kahawa, nyama, soda," Darla akamwambia. "Ukikwama niite. Na hilo sura lako lifiche, utanifukuzia wateja."

Wendell akaupa uwanja kisogo.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mzee Gus Pfenning, ambaye wajukuu zake watatu walianzia hapo hapo. Injini tano zilipowashwa, gari la Tressa likiwa limesukumwa na mzazi mwingine, mzee aliinua macho, akatazama juu ya bega la Wendell kupitia dirisha la nyuma. Foleni nzima ikatazama huko. Katika eneo lile lote ni mtu mmoja tu aliyekuwa ametazama upande mwingine, na ndiye mwenye mtoto.

"Vipi, mzee Gus?"

"Vipi nini? Nimekuja kununua kahawa, sikuja kutangaza mpira."

"Anaangalia wapi?"

"We tia maziwa, kijana."

Wendell akatia maziwa, nusu yakaenda mezani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi akajifunza kusoma nyuso. Macho ya foleni yalikwenda kushoto, yakarudi kulia, yakaenda kushoto. Yakifika kulia kabisa, hapo ndipo kona ya tatu. Mama mmoja alikunja uso kila yalipofika huko.

Kisha akagundua kwamba ana masikio. Injini ile alikuwa ameifungua na kuifunga mara nyingi msimu wa baridi. Angeitambua kati ya mia. Katika mizunguko ya kwanza injini ilinyamaza mapema mno kabla ya kona, ikasitasita, ikachelewa kunguruma tena. Mtoto alikuwa anaogopa. Wendell alitamani apige kelele, lakini ulimi akaubana kwa meno.

Mzunguko wa tano ikanyamaza baadaye kidogo. Wa sita, baadaye zaidi. Wendell alijua kwa sauti kwamba Tressa alikuwa amepita ile nguzo nyeupe ambapo yeye alikuwa akimwamuru kila siku aachie mafuta. Alikuwa ameipita bila wasiwasi, akaachia pake mwenyewe, na injini ikanguruma tena mapema, laini, moja kwa moja, kama fundi anayekata ubao bila kuinua msumeno. Baba mtu alisimama na kijiko mkononi, mdomo wazi. Wiki tatu alikuwa amemfundisha mahali pasipo sahihi! Mtoto alikuwa amepata pake katika dakika mbili, kwa sababu tu hakuna aliyemsumbua.

Uso wa yule mama haukukunjika tena.

"Mwanao huyo ana mguu," mzee Gus akanong'ona. Alikuwa amesahau kwamba hatangazi mpira.

Wendell akacheka peke yake. Darla alikuwa ametoka kwenda kwenye pikapu kuleta mikate mingine, hakuwepo wa kucheka naye.

Ndipo matairi yakalia. Kishindo kikafuata, kisha kingine, na injini zote zikanyamaza.

Foleni nzima ilikimbia. Walizunguka kibanda pande zote mbili kwenda kwenye uzio, mzee Gus naye kwa mwendo ambao hakuwa nao tangu ujana, na Wendell akabaki na meza, kahawa inayopoa, na mafuta yanayochemka. Nyuso za kusoma zikawa hazipo. Injini ya kusikiliza nayo haikuwepo.

Dirisha lilikuwa hatua mbili nyuma yake. Angegeuza shingo tu, angejua kama mtoto yu mzima. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili mpaka vidole vikawa vyeupe. Kama ameumia, alijiambia, wataniita. Kama hajaumia na mimi nikageuka, nitakuwa nimemnyang'anya alichokipata leo kwa mikono yake mwenyewe. Akasali kwa maneno yasiyo na mpangilio, na hakugeuka.

Kipaza sauti kikakoroma.

"Msukumaji wa namba arobaini na mbili," ilikuwa sauti ya Bi Verna, "afike uwanjani."

Namba arobaini na mbili ilikuwa ya Tressa. Na aliyeitwa alikuwa msukumaji. Wa huduma ya kwanza hakuitwa. Miguu ya Wendell ilielewa kabla ya kichwa.

Alitoka na aproni yake na kijiko chake. Kwenye kona ya tatu magari mawili yalikuwa yamepandana ubavu kwa ubavu, madereva wake wamesimama kando wakilia kwa hasira, wazima wa afya. Hatua tatu nyuma yao gari la Tressa lilikuwa limesimama, magurudumu yamenyooka, mkono wake mmoja juu kama walivyofundishwa. Bendera nyekundu ilipopanda wenzake wawili waliobaki waliteleza kwanza ndipo wakasimama. Yeye alisimama pale pale alipoiona.

Bi Verna alikuwa ameshika karatasi.

Wendell alifika nyuma ya gari akihema. Alikuwa na maneno mia: umeumia, umeogopa, nilikusikia, nisamehe. Aliona tu kisogo cha helmeti.

"Nani huyo?" Tressa akauliza, macho mbele.

"Mimi. Baba."

"Basi sukuma, Baba, wanatuchelewesha."

Njia ilipofunguliwa akasukuma. Injini ikashika, nondo ikamchomoka mikononi, na yeye akabaki amesimama ndani ya duara kwenye kona ya tatu, aproni nyeupe kifuani, anaonekana kama shuka kwenye kamba. Alitaka kukimbia atoke pale. Hakuwahi, gari lilikuwa tayari limezunguka, linakuja.

Mikono yake akaifumbata nyuma ya mgongo.

Tressa akaipita nguzo nyeupe, akaachia mafuta pake, akakata kona na kuondoka. Helmeti haikugeuka hata unywele mmoja. Nyuma ya Wendell kalamu ya Bi Verna ilikwaruza karatasi, na Wendell, mtu mzima na fundi wa watu, akalia hadharani kwa furaha ya kupitwa na mwanawe bila kutazamwa.