Mvua ya Kutapishia

Ngurumo zilipoanza, wanaume wa mtaa ule wa mteremko walitafuta majembe. Hawakuwa na mashamba. Walikuwa na vyoo vilivyojaa, na kila choo kilikuwa na bomba la pembeni lililozibwa kwa gogo na matambara, likielekea kwa jirani wa chini. Mvua ikishika kasi, kizibo kinang'olewa, na uchafu wa nyumba nzima unakwenda na maji. Hilo waliliita kutapisha, na walilitamka kama watu wanaotaja kazi ya halali.

Mama mmoja, fundi cherehani, alikuwa kitandani, mwanawe wa mwisho mapajani, akimnywesha maji ya sukari na chumvi kijiko kwa kijiko. Mtoto alikuwa ameharisha hadi macho yamezama. Sukari yenyewe aliletewa na Mama Pacha, jirani wa chini, aliyemwambia tu, "Pole, shoga. Mnyweshe, usichoke." Lakini hasira zilikuwa zimemkaba fundi. Uchafu wa nyumba ya juu ulipita mlangoni pake kila mvua, na mtoto alicheza humo humo.

"Wauaji wale," alisema. "Leo wakifungua tu, napanda huko huko. Watanitambua!"

"Utagombana na mtaa mzima, mke wangu?" alijibu mumewe, mwashi, huku akikunja suruali. Akatoa jembe nyuma ya mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kutapisha. Shimo limejaa pomoni. Mvua hii ikitupita, tutajisaidia wapi?"

Fundi alimkodolea macho. Miaka yote alikuwa akilisikia jembe lile likitoka, naye akiendelea kushona, kana kwamba mume anakwenda kuziba paa linalovuja. Hakuwahi kujiuliza uchafu wao ulimwagikia mlango wa nani. Nyani haoni kundule. Aliona haya, kisha haya zikageuka ghadhabu, na safari hii ghadhabu haikupanda mlimani.

"Mshike mwanao," alisema, akamwekea mtoto mikononi, jembe likaanguka.

Akatoka. Aliketi juu ya kizibo cha choo chao, katika tope, mvua ikimchapa mgongoni. Maji ya juu yalimfikia upesi, mazito, yakinuka. Walikuwa wameshafungua, washenzi.

"Ondoka hapo!" mumewe alipiga kelele mlangoni, mtoto kifuani. "Wenzetu wanafungua, sisi tukiziba tunapata nini?"

"Hatupati kitu! Na hufungui!"

"Umerukwa na akili?"

"Mtazame mwanao, halafu uniulize tena."

Mwashi alimtazama mtoto. Akabaki pale pale mlangoni.

Fundi aligeuka kutazama chini ya mteremko. Nyuma ya nyumba ya pili, katika mvua ile ile, Mama Pacha alikuwa ameinama kwenye bomba lake, jembe mkononi, akichokonoa matambara.

"Mama Pacha!" aliita. Mvua ikaimeza sauti. Akaita tena, "Shoga! Usifungue!"

Mama Pacha akainua uso, akatabasamu, akampungia mkono ulioshika kizibo.