Duara la Bluu la Nakijwa

Usiku wa kuamkia leo Nakijwa aliota, na kwa kuwa alilala amenuna, ndoto yenyewe ilikuja imenuna.

Nakijwa ni mwigizaji wa kikundi kidogo cha hapa Korogwe, kile kinachofanya mazoezi kwenye ghala la zamani la mkonge, ambacho michezo yake watu hutoka wakiulizana, "Sasa pale ilikuwa nini?" Mkurugenzi wao, Mbelwa, ana kanuni zake. Kila mwigizaji huchora sakafuni duara la chaki ya rangi yake, huigiza humo pekupeku, na huingia na kutoka bila kugusa mstari. Asiye na duara hayupo. Duara likifutika halichorwi tena mpaka aliyelifuta ajitaje mbele ya wote.

Jana, waliporudi kutoka kula mchana, duara la Nakijwa, la bluu, lilikutwa limefutika upande mmoja. Na onyesho ni leo jioni. Nakijwa aliwatazama wenzake kwa jicho la pembeni, kisha akamnyooshea kidole Namkunda, kwa sababu Namkunda aliwahi kuitaka nafasi ile. Namkunda akaapa hakugusa. Nakijwa hakumwamini hata kidogo. Mtu asiye na lake jambo, alijiambia, haapi haraka vile. Mbelwa akasema kanuni ni kanuni, asipojitaja mtu Nakijwa atabaki nje. Nakijwa akarudi kwake, akajitupa kitandani bila hata kunawa miguu.

Basi akaota yuko ghalani, mchana kweupe. Wenzake wanakunywa chai. Anawasalimia, hawaitiki. Ananyoosha mkono kuchukua kikombe, na kikombe kinamwambia kwa adabu kwamba kingependa kumhudumia, ila yeye hayupo.

"Nipo," anasema Nakijwa.

"Duara lako liko wapi, dada?" kinauliza kikombe.

Anatoka nje, lakini nje ni jikoni kwa shangazi yake, kule Same. Shangazi anachambua mchele. Nakijwa akampa shikamoo. Shangazi akatazama mlangoni, akasema peke yake kwamba mtoto yule tangu aingie kwenye maigizo haji hata kumjulia hali. Nakijwa akapiga goti, akamshika mkono. Shangazi akajikuna pale aliposhikwa, akaendelea na mchele wake. Hilo lilimuuma Nakijwa kuliko yote ya ghalani.

Ungo wa mchele ukamshauri afungue kesi. Kabla hajauliza afungulie wapi, jikoni pakawa mahakama. Hakimu alikuwa Kanuni mwenyewe, mtu mfupi mwenye sweta, amesimama kwenye duara lililochorwa juu ya meza. Akakubali kumsikiliza mlalamikaji ingawa hayupo.

Fagio la ghala lilitoa ushahidi kwanza. Lilisema lilikuwa limeegemea ukuta, halikuona kitu, na kwamba limechoka kusingiziwa kila kinachofutika duniani. Nakijwa akalitilia shaka. Kikafuata kigoda cha ghalani, kikaapa kwa miguu yake mitatu kwamba Namkunda alikwenda kula na wenzake na akarudi nao. Nakijwa akakitilia shaka zaidi, maana Namkunda hukikalia kila siku. Hata kikombe cha chai, kilichokuja kusikiliza tu, alikiona kina jambo kinalolificha.

"Mheshimiwa, hawa wote wamepangwa," akasema.

"Yuko shahidi mmoja hujamuuliza," akasema Kanuni. "Umekuja naye."

Nakijwa akageuka. Hakuna mtu. Akageuka upande wa pili. Hakuna mtu.

"Niko huku chini," kikasema kisigino chake cha kulia.

Nakijwa alitaka kuketi akikalie, lakini viti vyote vilikataa kumbeba mtu asiyekuwepo. Kisigino kikaeleza bila haraka. Wenzake walipokuwa wanakula kwa mama ntilie, Nakijwa alirudi peke yake kuchukua mtandio aliousahau. Badala ya kuuchukua na kuondoka, aliingia kwenye duara, akajaribu ile sehemu ya mwisho ya mchezo, anaposimama kimya akitazamwa, bila neno, mpaka mtazamaji wa mwisho atoke kwa hiari yake.

"Ghala lilikuwa tupu na bado hukuweza," kikasema kisigino. "Uliogopa. Ukaunyakua mtandio, ukageuka mbio, nami nikazunguka juu ya mstari."

"Mbona hukusema?"

"Uliwauliza wengine wote. Mimi hukuniuliza."

Kanuni akasema hukumu itasomwa mlalamikaji akiwepo, akagonga meza, na Nakijwa akaamka.

Kumekucha. Jirani anakaanga vitumbua. Nakijwa alicheka kidogo, kicheko cha kujituliza, akasema ndoto za njaa hizi. Kisha akauona mtandio wake unaning'inia msumarini, akaacha kucheka. Taratibu akaupandisha mguu wa kulia juu ya goti la kushoto, akautazama unyayo.

Kwenye magaga ya kisigino, ndani kabisa, chaki ilikuwa imejipenyeza. Ya bluu. Hakuna mwingine kikundini mwenye bluu.

Alichukua jiwe lake la kusugulia miguu na kopo la maji, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akisugua tu, imekwisha: Namkunda atabaki mfutaji, na yeye hatasimama jioni mbele ya watu akitazamwa. Nisiwafiche, moyo wake ulilitamani jambo hilo, akakaa na jiwe mkononi mpaka vitumbua vya jirani vikaisha kukaangwa.

Halafu akaliweka jiwe chini. Akaenda ghalani bila kunawa, mguu wa kulia akiukanyagia vidole njia nzima, kisigino juu, ili ile chaki isifutike kabla Namkunda hajaiona.